Diski Isiyofutika

Mashine mpya ya kuchoma DVD ilikuwa imeshafungua mdomo, na mimi nimeshika diski mbili. Moja inafutika, unairekodi upya hata mara mia. Nyingine ukishaichoma, ndiyo basi.

"Tunaweka hii inayofutika, mama," nikasema.

Mkanda wa video wa marehemu baba, tuliotaka kuuhamishia kwenye diski, ulikuwa mmoja tu, na umeanza kutoa chenga. Ndani yake baba anawashukuru wageni siku aliyostaafu, anataka kukaa, na mimi navuta kiti. Anaanguka chali, suti mpya, miguu juu. Shangazi zangu hawajanisamehe mpaka leo. Nilipanga mama akitoka tu, nikifute kile kipande, nirekodi upya bila aibu yangu.

"Ya kufutika ya nini?" mama akauliza. "Unataka kufuta nini?"

"Pale kwenye kiti."

Mama akaichukua ile nyingine kwa ncha za vidole, akaigeuzageuza mpaka uso wake ukaonekana ndani yake.

"Wewe ulishatimua mbio," akasema. "Hukumwona alivyocheka pale chini, mpaka machozi. Mwezi uliofuata akaanza kuumwa. Kicheko kama kile sikukisikia tena."

Kamera ilikuwa imezimwa haraka, kwa aibu, na kicheko hakikuingia kwenye mkanda.

Akaiweka diski mwenyewe, akaisukuma ndani.

"Bonyeza, wewe mtukutu. Ukimaliza wachomee na shangazi zako, kila mmoja na yake."