Kicheko cha Sikudhani

Uliona, ukageuza uso. Usinikatalie: nakumbuka hata shati ulilovaa siku watu wa serikali walipobandika visikizi, vile vidude vya kutusikiliza, ukutani majumbani mwetu, ukasema mambo hayo hayakuhusu.

Sikudhani, Mzaramo wa Mbagala, hana nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini. Posho ya serikali ndiyo humlipa Tatu, anayemgeuza kitandani asipate vidonda. Kisikizi cha Sikudhani husikiliza nyumba nzima. Mgonjwa akicheka, huandika kwamba amepata nafuu, na posho hukatwa.

Mwezi uliopita alikuja Mlekwa, Mnyamwezi, mtani wake wa miaka yote. "Mzaramo wewe, subiri ngoma ilie, utainuka tu!" Sikudhani akaangua kicheko. Kesho yake posho ikakatwa.

Malalamiko hupokelewa na kisikizi hichohicho, nacho hakiyapokei mpaka zipite siku thelathini bila kicheko. Jana ilikuwa ya ishirini na nane, na Mlekwa akabisha hodi tena. Tatu akamzuia mlangoni.

"Leo hapana, kaka. Sijalipwa, na nikiondoka ataoza pale kitandani."

"Nimsalimie tu, kimyakimya."

"Wewe? Ukikohoa tu anacheka."

Mlekwa akaacha mihogo yake kizingitini, akaondoka. Ndani, Sikudhani alikuwa ameitambua sauti. Tatu alimkuta ameuma shuka asicheke, machozi yanamtoka, mabega yanatikisika.

Na wewe kisikizi chako kipo, juu ya runinga. Vaa viatu sasa hivi. Mpitie mtani wako, twende ofisini kwa hao wa posho leo, tukacheke mpaka waandike kwamba jiji zima limepona.