Jeni ya Nane

Siku ya tisa, jani moja liliinama.

Fundi wa maabara aliliona tangu mlangoni mwa banda la vioo, moyo ukampiga paa. Alipoliinua kwa kidole akakuta kikonyo kimevunjika. Mpira wa maji ndio uliolipiga. Akashusha pumzi, akaandika daftarini: "Mimea kumi na miwili. Yote imesimama."

Zilikuwa nyanya pori. Matunda madogo kama mbaazi, machungu kama shubiri, lakini mnyauko uliofyeka mashamba ya watu haukuwahi kuzigusa. Ndani yake mlikuwa na jeni inayozikinga. Ipi? Hapo ndipo palipowatoa jasho fundi na wenzake. Walichukua kirusi dhaifu cha mimea, wakakibebesha kipande cha jeni moja, wakakisukuma ndani ya jani kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mmea, katika kupigana na kirusi, ungeizima jeni hiyo hiyo mwilini mwake. Kisha wakamwagia udongo vijidudu vya mnyauko, wakangoja.

Jeni saba walishazizima hivyo. Jibu hawakulipata.

"Hii ya nane ndiyo ya mwisho," daktari, mkuu wake, alimwambia huku akifuta miwani. "Ijumaa banda linafungwa."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, mama, tumetwanga maji kwenye kinu."

Mdogo wa kiume wa fundi, mkulima wa nyanya, alipiga simu kila mchana. Misimu mitatu mnyauko haukumwachia hata tunda la kuonja. Mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto.

"Dada, vipi wagonjwa wetu?"

"Bado wamesimama."

"Mungu mkubwa! Waambie wakaze buti."

Dada mtu alicheka kidogo, akakata simu upesi.

Ijumaa alifika kabla ya wenzake wote. Alipita kopo kwa kopo akigusa majani ya juu, maana mnyauko huanzia huko. Kijani kibichi, yamekakamaa kama masikio ya sungura. Daktari alikuja, akatazama kutoka mlangoni, akavua koti lake jeupe, akalikunja mara mbili na kuondoka nalo.

Simu ikalia.

"Dada?"

"Imesimama," alisema. "Yote kumi na miwili."

Upande wa pili mdogo wake alipiga ukelele, akamwita jirani aje asikie. "Nilijua tu! Kila alfajiri nilikuwa naiombea. Kesho naanza kulitifua shamba, dada. Dada?"

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono kinywani. Kama jeni ya nane ndiyo iliyokuwa kinga, mimea ingenyauka. Angeanzia wapi kumwambia kwamba yeye, siku zote hizo, alikuwa akiiombea ife?