Bibi Beatrice wa Mfuko wa Unga

Keki ya tano ilizama katikati, na Clarence Tollefson akaizungusha sahani taratibu kama fundi anayekagua gurudumu.

"Hapa bata wanaweza kuogelea," alisema. "Unga wa kampuni yetu ndio bora Minneapolis nzima. Hebu niambie, mke wangu, wewe unaufanyia nini?"

Alma aliichukua sahani na kuikwangua keki ndani ya ndoo ya taka. Mumewe alikuwa karani katika kampuni hiyo ya unga, na kila jioni alirudi akidai maneno yake yote yameishia kazini. Yaliyosalia yalikuwa ya kejeli. Hata vikaratasi ambavyo Alma alimwachia mezani, "leta makaa", "mama anaumwa", yeye alivitumia kuwashia kiko chake bila kuvitupia jicho.

Basi Alma akamwandikia Bibi Beatrice.

Mwaka ule wa 1926 nani hakumjua? Picha yake ilikuwa kwenye kila mfuko wa unga wa kampuni hiyo: mvi, miwani, tabasamu la mama mkwe asiyepatikana duniani. Chini yake: "Una shida jikoni? Niandikie." Kwa aibu, Alma alitumia jina la bibi yake marehemu, Signe, na sanduku la posta.

Jibu lilikuja siku ya nne. "Mwanangu Signe, usifungue oveni kabla ya nusu saa. Halafu, mwanangu, mbona barua yako ina huzuni hivi?"

Alma alilia palepale posta. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Keki zikaanza kuumuka, na barua zikaacha habari za keki. Kila wiki alimwaga ya moyoni, na kila wiki Bibi Beatrice alimpoza kwa upole ambao Alma hakuwahi kuuona chini ya paa lake. Mwezi wa nane akauliza bila kuzunguka: "Bibi, nizidi kumvumilia mume huyu?"

"Mwanaume asiyesoma hata kikaratasi cha mkewe hastahili makombo ya keki," Bibi Beatrice alijibu. "Funga virago, mwanangu. Penye nia pana njia. Na huko uendako, usinunue unga mwingine ila huu wetu."

Ijumaa iliyofuata Clarence alirudi akipiga mluzi, begani kabeba mfuko wa ratili hamsini, zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi.

"Alma! Njoo umwone mumeo! Bosi kanipigishia makofi mbele ya ofisi nzima!"

Nyumba ilikuwa kimya. Mezani palikuwa na keki moja, imeumuka ikapendeza, na kando yake kikaratasi. Clarence alikitia kiberiti kwa mazoea, kisha akaona kabati la mkewe liko wazi, tupu. Akakizima haraka na kukisoma, kwa mara ya kwanza tangu waoane.

"Nimeondoka. Nguo zako nimezipiga pasi. Nimemsikiliza mtu pekee aliyewahi kunisikiliza mimi."

Alikisoma tena, safari hii polepole, akiufuata mwandiko kwa kidole: ile herufi g yenye mkia mrefu unaojikunja, aliyoizoea kwenye barua alizozijibu kila wiki kazini. Mfuko ukamponyoka begani, ukapasuka, na unga ukamwagika hadi kwenye viatu vyake.

"Signe," alinong'ona. "Mwanangu Signe."