Ngoma Iliyopashwa Mara Saba

Alikuwako, na huenda yuko hata leo, Nguchiro aliyepiga ngoma vizuri mno akiwa peke yake. Siku Mama Kanga alipomwoza bintiye, Nguchiro aliombwa apige, naye akaazima ngoma ya mjomba wake, Kakakuona.

Wageni wakajipanga duara. Nguchiro akaigusa ngozi kidogo tu, akaondoa mkono. "Bado haijakaza," akasema, akaenda kuipasha moto. Akarudi, akaona macho yote yanamkodolea. "Bado," akasema, akaenda tena. Na tena.

"Ewe Nguchiro!" Mama Kanga akafoka. "Bibi harusi analowa jasho humo ndani, na hatoki mpaka ngoma ilie!"

Mara ya saba ngozi ikapasuka, paa! Wageni wakaangua kicheko. Nguchiro akatamani ardhi immeze. Kwa haya, bila kuinua uso, akavuta debe tupu la maji lililokuwa karibu, akalipiga. Likalia kweli kweli. Bibi harusi akatoka akicheza, vigelegele vikapaa, lakini mpigaji hakuinua macho hata mara moja.

Akairudisha ngoma akiwa ameikumbatia, kifua chake kikiificha ngozi iliyopasuka.

"Uliipasha mara ngapi?" Kakakuona akauliza.

"Saba, mjomba."

"Ngoma hupashwa mara moja. Hizo sita ulikuwa ukiota moto wewe." Akaipokea ngoma, akaigeuza. "Na debe nililolisikia hadi huku, ulilipasha?"

Nguchiro akatazama vidole vyake vya miguu.