Jiwe la Nyange

Kibwana alifika mlangoni mwa korongo peke yake, joto la kiangazi likiwa limeshapoa. Desturi ya pale ni kwamba kila anayeingia huacha jiwe juu ya mwamba, na akitoka hulichukua. Jiwe likibaki jioni, watu huenda kumtafuta mwenyewe.

Akaweka mawili.

"Mbona mawili, kaka?" aliuliza mama muuza maji.

"Moja la mdogo wangu."

Mama akainamisha kichwa. Mwaka uliopita ndugu hao waligombana kileleni mwa mlima bapa uliopo ndani ya korongo. Kibwana akashuka na hasira zake, na kwa mazoea akabeba mawe yote mawili. Mwamba ulikuwa mtupu, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta Nyange jioni ile. Watu walipokuja kumtafuta siku kadhaa baadaye, upepo ulikuwa umeshafuta nyayo.

Kibwana alipenya korongoni, akapanda mpaka juu ya mlima ule bapa, akaita, "Nyange!" Magenge ya miamba yakamrudishia sauti yake mwenyewe.

Jioni alichukua jiwe lake, la pili akaliacha.

Mama alilitazama, akajifunga kanga kiunoni, akageukia nyumba za mji uliokuwa karibu na korongo.

"Jamani!" akapaza sauti. "Jiwe limebaki!"

Milango ikaanza kufunguka.