Kanga na Gunia la Ngedere

Enzi hizo wanyama wakiuziana mtama, alikuwako Kanga, mama asiyetulia hata usingizini. Vifaranga wake kumi na wawili walikuwa wanalia njaa nyuma yake, na mwenye magunia ya kuuza alikuwa Ngedere peke yake. Bei yake ilikuwa Kanga amlindie shamba mwaka mzima.

"Onja mwenyewe, mama watoto," Ngedere akasema, akalifungua gunia, akalikalia ukingoni.

Kanga akadonoa pale juu. Mtama mtamu. Akazunguka, akarudi, akadonoa tena. Mtamu. Miguu ikamwasha, akazunguka. Alipodonoa mara ya kumi, Ngedere alikuwa hoi kwa kucheka.

"Mara kumi, na zote mtama safi. Uamini lini sasa? Au una chango tumboni, hushibi?"

"Mara kumi wapi, bwana? Nimeonja mara moja, nikairudia tisa. Zote hapo hapo ulipopafungua wewe."

"Basi nunua au ondoka, wenzio wanangoja."

Kanga hakununua wala hakuondoka. Alilichoma gunia kwa mdomo ubavuni, zikatoka pumba. Akachoma katikati, pumba na vijiwe. Akachoma chini kabisa, mchanga ukamwagika shwaa, gunia likanywea, na Ngedere akaanguka chali, miguu juu. Ule mtama kiduchu wa juu ukamwagika naye, vifaranga wakaula bure.

Foleni nzima ikacheka mpaka machozi, isipokuwa Ngiri. Yeye gunia lake alilinunua juzi, akalisifia kila mlango, na sasa alikuwa anakimbia nyumbani kulitazama hadi chini.