Kundi Alilofungua Ngiri

"Elfu tisini zetu ziko wapi, Kinyonga?" Ngiri alifoka kwenye kundi la simu la wanyama wa bondeni. Shimo lake limebomoka, watoto wananyeshewa, na mchango wa maafa anautunza Kinyonga.

"Taratibu, ndugu yangu," Kinyonga akajibu. "Humu tumechanganya salamu, misiba na pesa. Tugawane. Kila jambo na kundi lake." Papo hapo akafungua la Maafa, la Ujenzi na la Hazina, na kote msimamizi ni yeye.

Ngiri akaenda Maafa. Kinyonga akamwambia, "Shimo ni ujenzi, kaka." Akaenda Ujenzi. "Pesa ziko Hazina." Akabisha Hazina, asifunguliwe. "Wenye hasira hawaingii humu."

Njiwa, jirani mpenda amani, akamnong'oneza, "Baba Watoto, nyamaza, utatutia aibu."

"Aibu ya nani? Watoto wangu wamelowa!" Ngiri akasimamisha mkia. "Haya, kila jambo na kundi lake." Akafungua la kwake, akaliita Tunaomdai Kinyonga.

Wa kwanza kuingia alikuwa Njiwa. "Na mimi kiota changu kilianguka tangu masika," akasema kwa haya. Akafuata Nungunungu, akafuata Digidigi, hata makundi matatu ya Kinyonga yakabaki na Kinyonga mwenyewe, anabadili rangi bila wa kumtazama.

Jioni akaomba kuingia. "Jamani, mbona mmenitenga?"

Ngiri akamfungulia.

"Karibu. Humu tunazungumza jambo moja tu. Lete elfu tisini."